Ernest Starling: Mtaalamu Aliyetufunulia Mlinzi wa Maji Mwilini

Ndugu askari, mtu apitaye Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, hasa karibu na chuo cha maofisa wa jeshi kijulikanacho kwa jina la ISCAM, hawezi kushangaa akikutana na vijana wanaokimbia kwa safu, mizigo migongoni, jasho likiwachuruzika. Hilo ni jambo la kawaida katika kazi ya ulinzi. Lakini ndani ya jambo hilo la kawaida imo ajabu kubwa. Kijana atokaye jasho kwa bidii chini ya jua aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja, na pengine zaidi. Na damu yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima ni kadiri ya lita tano tu. Iweje basi kijana huyo apande mlima, ashuke, arudi kambini na kuitikia jina lake, wala asianguke njiani? Ni nani aishikaye damu yake isikauke, na ni nani ausukumaye mkono wake kuelekea kwenye chupa ya maji?

Swali hilo si la waganga peke yao. Lamhusu polisi asimamaye njia panda tangu asubuhi mpaka jioni. Lamhusu askari wa doria mpakani. Liliwahusu pia askari wa Burundi ambao, kuanzia Desemba 2007, walitumikia ujumbe wa Umoja wa Afrika nchini Somalia, katika joto la Mogadishu. Na kwa hakika lamhusu zaidi kila kiongozi wa kikosi, kwa kuwa yeye ndiye aamuaye watu wake wanywe lini na kiasi gani.

Jibu la swali hili halikupatikana siku moja, wala kwa mtu mmoja. Hata hivyo yuko mtu mmoja ambaye jina lake hukutwa karibu katika kila hatua ya safari hiyo: katika habari ya maji yatokayo na kurudi kwenye mishipa, katika habari ya nguvu za moyo, katika neno lenyewe homoni, na katika habari ya figo na ubongo. Mtu huyo ni Ernest Henry Starling, Mwingereza, mwanachuoni aliyepata pia kuvaa sare ya jeshi.

Mwana wa mwanasheria

Starling alizaliwa London tarehe 17 Aprili 1866. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi Bombay, nchini India, na aliweza kurudi nyumbani mara chache tu, baada ya miaka kadhaa kupita. Hivyo mzigo wa kuwalea watoto ulimwangukia mama. Ukoo haukuwa na mali ya kurithisha; kilichokuwapo ni shule, na Ernest aliitumia vyema.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 16 tu, aliingia katika Hospitali ya Guy's mjini London kusomea uganga. Hapo alijipatia sifa ya kijana mwenye akili kali, mwepesi wa maneno, asiyependa kuficha analoliamini. Mwaka 1885 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, akaone jinsi Wajerumani walivyokuwa wakichunguza kazi za viungo vya mwili. Alirudi akiwa ameamua: hatakuwa mganga wa kuwapima wagonjwa matajiri mjini, bali atatafuta siri ya namna mwili wenyewe ufanyavyo kazi. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, maana Guy's wakati ule ilikuwa na nafasi ndogo mno na vyombo vichache vya kazi ya namna hiyo.

Mwaka 1891 alimwoa Florence, mjane wa mtaalamu mwenzake Leonard Wooldridge. Mama huyu alikuwa binti wa mganga mashuhuri, na alimsaidia sana mumewe katika kazi zake za kuandika. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume na watatu wa kike.

Karibu na wakati huohuo Starling alianza kushirikiana na William Bayliss wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College. Watu hawa wawili walikuwa kama moto na maji. Bayliss, aliyemzidi mwenzake umri kwa miaka sita, alikuwa mtu tajiri, mtaratibu, asiye na haraka, apendaye kupima jambo mara mbili na mara tatu. Starling alikuwa mwenye hamu na haraka, mtu wa kuanzisha na kusukuma. Kila mmoja alikuwa na kilichopungua kwa mwenzake. Mwaka 1893 urafiki wao uligeuka udugu, Bayliss alipomwoa Gertrude, dada yake Starling.

Maji yatokayo na maji yarudiyo

Jambo la kwanza lililomletea Starling heshima lilihusu maji. Mwaka 1892 alikwenda Breslau, mji ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, kufanya kazi kwa Profesa Heidenhain. Mzee huyo aliamini kwamba majimaji yaliyomo katikati ya nyama za mwili hutolewa na kuta za mishipa kwa kazi maalumu, mfano wa tezi itoavyo mate. Starling alifanya majaribio yake, akafika mahali pa kutokubaliana na mwalimu wake.

Mwaka 1896 alitoa maelezo yanayofundishwa mpaka leo. Katika vijishipa vyembamba kabisa vya damu, alisema, ziko nguvu mbili zinazoshindana. Nguvu ya kwanza ni shinikizo la damu, litokalo kwenye moyo, ambalo huyasukuma maji yatoke nje ya mshipa. Nguvu ya pili ni protini zilizomo ndani ya damu, ambazo ni kubwa mno kuweza kupenya ukuta wa mshipa kwa urahisi, nazo huyavuta maji yarudi ndani. Nguvu hizi zikilingana, mwili hutulia. Shinikizo likizidi, maji hutoka na mwili huvimba. Shinikizo likishuka, kama pale mtu atokwapo na damu nyingi, mvuto wa protini hushinda, na maji yaliyokuwa nje ya mishipa huingia ndani kuziba pengo. Hivi ndivyo majeruhi apatavyo muda kidogo wa kuishi kabla hajafikiwa na mganga: mwili wake hukopa maji kutoka akiba yake wenyewe.

Wataalamu wa miaka ya karibuni wamesahihisha baadhi ya hesabu za maelezo hayo, lakini msingi wake umesimama.

Tarishi wa damu

Mwaka 1899 Starling aliteuliwa kuwa Profesa katika University College, na mwaka huohuo akapokewa katika Royal Society, baraza la wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Sasa yeye na Bayliss walikuwa chini ya paa moja.

Siku hizo mtaalamu Pavlov wa Urusi alikuwa amewaaminisha watu kwamba kazi zote za kusaga chakula huendeshwa na neva. Neva ni kama waya wa simu: amri hutoka makao makuu, hupita katika waya, humfikia aliyekusudiwa. Tarehe 16 Januari 1902 Starling na Bayliss walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata neva zote zilizokwenda kwenye kipande kimoja cha utumbo, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kama mambo yote yangekuwa kazi ya neva, kongosho lisingetambua lolote, maana waya ulikuwa umekatwa. Lakini kongosho lilitoa maji yake kama kawaida. Papo hapo Starling alikwangua utando wa utumbo, akausaga kwa mchanga na asidi, akachuja, akaipiga sindano dawa hiyo katika mshipa wa mbwa. Baada ya kitambo kidogo kongosho likafanya kazi tena.

Maana yake ilikuwa wazi. Mwilini hamna waya wa simu tu. Wamo pia matarishi. Kiungo kimoja chaweza kutia barua katika mto wa damu, na barua hiyo ikamfikia mwenyewe aliye mbali, ingawa imepita milango mingi isiyoihusu. Mwaka 1905, akihutubia mbele ya waganga wa London, Starling aliwapa matarishi hao jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Jina hilo limeingia katika lugha nyingi za dunia, na lugha yetu ya Kiswahili nayo imelipokea.

Miaka iliyofuata aliushughulikia moyo. Akitumia moyo na mapafu ya mnyama yaliyotengwa na mwili mzima, alionyesha kwamba misuli ya moyo ikijazwa damu zaidi hunyooka zaidi, na ikinyooka zaidi hupiga kwa nguvu zaidi, mfano wa upinde uvutwapo. Moyo usiojazwa vya kutosha, kwa sababu maji ya damu yamepungua, hauna kitu cha kusukuma, hata mwenye moyo huo awe shujaa namna gani.

Mtaalamu katika sare

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Starling alikuwa na miaka 48, umri ambao angeweza kukaa nyumbani. Hakukaa. Alijiunga na kikosi cha waganga wa jeshi la Uingereza. Baada ya Wajerumani kutumia gesi ya sumu huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, yeye alikuwa miongoni mwa walioshughulikia utafiti wa gesi hizo na njia za kuwakinga askari. Baadaye, akiwa na cheo cha Luteni Kanali, alipelekwa Thessaloniki, Ugiriki, kuwa mshauri katika mambo hayo.

Lakini jeshi na mtu huyu hawakupatana kwa urahisi. Starling aliona wakubwa wengi wakiipuuza elimu ya sayansi, wakifuata mazoea badala ya ushahidi, naye hakuificha fikira yake. Mwaka 1917 alijiuzulu utumishi wake jeshini. Wengi waliomjua walisadiki kwamba ulimi wake ndio uliomnyima heshima nyingi ambazo wenzake walizipata: hakupewa cheo cha kuitwa Sir, na wala hakupata Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo hakuacha kulitumikia taifa lake. Aliongoza kamati ya chakula ya Royal Society, akahesabu ni chakula kiasi gani kiwatoshacho watu wa kazi nzito, wa kazi nyepesi, wanawake na watoto, ili nchi iliyozingirwa na nyambizi isife njaa. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, alikwenda Ujerumani, nchi iliyokuwa adui, akaandika taarifa juu ya njaa iliyowapata raia wa huko. Alikuwa amesoma katika nchi hiyo ujanani. Sasa aliwatazama watu wake si kwa jicho la mshindi bali kwa jicho la mganga.

Wakati huo Bayliss naye alikuwa akishughulika na majeruhi. Askari aliyepoteza damu alikuwa akitiwa maji ya chumvi mshipani, shinikizo lake likapanda kidogo, kisha likaanguka tena, maana maji matupu ya chumvi hayakai ndani ya mshipa. Sababu yake ni ileile aliyoieleza Starling mwaka 1896: hapana cha kuyavuta yabaki. Bayliss akachanganya ndani yake gundi ya mgunga, ambayo Sudan ndiyo iliyokuwa ikiitoa kwa wingi kupita nchi nyingine. Gundi hiyo ilishika nafasi ya protini, ikayazuia maji ndani ya mishipa kwa muda mrefu zaidi. Dawa hiyo ilitumika katika uwanja wa vita, ingawa baadaye iliachwa kwa kupatikana njia bora, hasa damu yenyewe. Basi utomvu wa miti ya Afrika, ukiongozwa na fikira ya Starling, uliingia katika mishipa ya askari wa Ulaya.

Figo na ubongo

Mwaka 1920 Starling alipatwa na saratani ya utumbo, akapasuliwa. Alipona kiasi, lakini nguvu zake za zamani hazikurudi zote. Mwaka 1922 Royal Society ilimpa nafasi maalumu ya utafiti, akawa wa kwanza kuishika, na hapo ndipo alipoifanya kazi ambayo twaihitaji zaidi katika makala hii.

Chini ya ubongo, ndani ya kiti kidogo cha mfupa, ipo tezi ndogo kama punje ya harage iitwayo pituitari. Tangu mwaka 1895 Oliver na Schafer walikuwa wameonyesha kwamba dawa iliyotengenezwa kwa tezi hiyo hupandisha shinikizo la damu. Kisha, mwaka 1913, waganga Farini wa Italia na von den Velden wa Ujerumani, kila mtu peke yake, waligundua kwamba dawa hiyo huwasaidia wagonjwa wanaokojoa lita nyingi kila siku na kunywa maji bila kikomo. Lakini baadhi ya majaribio kwa wanyama yalikuwa yameonyesha kinyume chake, kwamba dawa huongeza mkojo. Watu hawakujua washike lipi.

Mwaka 1924 Starling na kijana wake Ernest Basil Verney waliitoa figo ya mbwa nje ya mwili, wakailisha damu kwa kutumia moyo na mapafu yaliyotengwa. Figo hiyo, ikiwa imetengana na ubongo, ilitoa mkojo mwingi mno, mwepesi kama maji, wenye chumvi kidogo sana. Walipotia katika damu ile dawa ya pituitari, mkojo ulipungua na chumvi yake ikaongezeka. Figo ikarudia tabia yake ya kawaida.

Hivyo ikajulikana kwamba figo haijiongozi yenyewe katika jambo la kubana maji. Yahitaji amri kutoka ubongoni, na amri hiyo hufika kwa tarishi wa damu.

Starling hakuishi kuona matunda yote. Alikuwa safarini peke yake baharini, akitafuta afya, alipofariki dunia tarehe 2 Mei 1927 melini, karibu na bandari ya Kingston, Jamaika. Alikuwa na umri wa miaka 61. Alizikwa hukohuko, mbali na kwao. Bayliss alikuwa amemtangulia mwaka 1924.

Mlinzi azungukavyo

Waliofuata waliikamilisha picha. Verney, katika kazi aliyoitangaza mwaka 1947, alionyesha kwamba ubongoni mna walinzi wanaoonja damu. Damu ikizidi chumvi hata kwa sehemu mbili tu katika mia, walinzi hao hutambua. Bengt Andersson wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitia tone la maji ya chumvi katika sehemu ya ubongo wa mbuzi iitwayo haipothalamasi, na mbuzi aliyekwisha kunywa akashiba akaanza kunywa upya. Naye Vincent du Vigneaud wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, iitwayo vasopresini, akaiunda kwa mikono yake katika maabara, na mwaka 1955 akapata Tuzo ya Nobel.

Leo twaweza kueleza zamu ya mlinzi huyo. Askari atokapo jasho, hupoteza maji kuliko chumvi, na damu yake huanza kuwa nzito kwa chumvi. Haipothalamasi huionja, nayo hutuma vasopresini kupitia tezi ya pituitari. Homoni husafiri katika damu hadi kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja kadiri ya lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa katika damu. Zitokazo nje ni lita moja au mbili. Vasopresini ikifika, figo hufungua milango midogo ya kurudishia maji, mkojo hupungua, nao huwa wa rangi nzito. Chumvi ikizidi zaidi kidogo, ubongo huamsha kiu. Angalieni utaratibu huo, ndugu: kwanza figo hubana, ndipo kiu huja. Mtu ahisipo kiu, mlinzi wake amekwisha kuwa kazini kwa muda.

Iko na zamu ya pili, nayo ni ya hatari. Damu ikipungua sana au shinikizo likianguka, vipimo vilivyomo katika moyo na mishipa mikubwa ya shingo huupasha ubongo habari kwa njia ya neva. Hapo vasopresini hutolewa kwa wingi, nayo huibana mishipa ya damu ili shinikizo lisianguke kabisa. Figo nazo huamsha homoni nyingine zenye kubana mishipa, kuzuia chumvi isitoke, na kuichochea kiu. Ndiyo sababu majeruhi aliyepoteza damu huomba maji. Kiu yake si udhaifu. Ni taarifa kwa mwenzake kwamba damu yatoka. Anayeisikia azuie damu kwanza, maana tundu lisipozibwa mtungi haujai.

Amri isiyotiiwa na mwili

Kwa miaka mingi yalikuwapo majeshi yaliyoamini kwamba askari aweza kufundishwa kuishi bila maji mengi, kama afundishwavyo kulenga shabaha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Edward Adolph na wenzake wa Marekani waliwapima askari katika jangwa la California, wakachapisha matokeo mwaka 1947. Waliona kwamba hapana mazoezi yawezayo kuupunguzia mwili haja yake ya maji. Aliyenyimwa maji hakuzoea. Alichoka, akapunguza mwendo, akawa mzigo kwa wenzake. Zaidi ya hayo waliona kwamba mtu afanyaye kazi katika joto, hata akiwa na maji mbele yake, mara nyingi hunywa pungufu ya alichokitoa, na hulipa deni hilo baadaye wakati wa chakula.

Hapa ndipo elimu ya Starling igusapo dhamana ya mkubwa wa kikosi. Mlinzi wa maji aweza kupunguza matumizi. Hawezi kutengeneza maji. Hata figo zikibana kwa nguvu zake zote, lazima zitoe kadiri ya nusu lita ya mkojo kwa siku ili kuondoa taka, na jasho halina wa kulizuia maadamu jua lawaka na kazi yaendelea. Kiongozi anyimaye maji ili kuwakomaza watu wake hawakomazi. Anaila akiba yao.

Lakini yafaa isemwe pia kwamba kuzidisha ni kosa. Katika mwendo mrefu na mzito, ubongo waweza kuendelea kutoa vasopresini hata pasipo upungufu wa maji, na figo zikashindwa kuyatoa maji yaliyozidi. Anywaye maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi aweza kuipunguza mno chumvi ya damu, na ubongo ukavimba. Dalili zake, yaani kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, hufanana na za mtu aliyepigwa na jua. Kwa hiyo mtu aliyechanganyikiwa asilazimishwe kunywa maji. Apelekwe kivulini, apozwe, na afikishwe haraka kwa mganga. Utaratibu ulio salama ni kunywa kidogo kidogo mara kwa mara, kula chakula chenye chumvi ya kawaida baada ya kazi, na kutazama rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, mlinzi ametulia. Ukiwa mzito kama chai kavu, yuko taabani.

Pombe nayo ina neno lake hapa. Huzuia vasopresini isitoke, ndiyo maana mnywa bia hukojoa sana na kuamka na kiu. Aendaye mazoezini alfajiri baada ya usiku wa namna hiyo huingia uwanjani mlinzi wake akiwa amelala.

Na kwa wale ambao kazi yao ni ya meza, mambo hugeuka. Asiyetokwa na jasho hana haja ya chumvi nyingi. Chumvi ikizidi kila siku, kiu huja, maji huongezeka katika damu, na baada ya miaka shinikizo laweza kupanda likaharibu moyo, ubongo na figo bila kutoa sauti. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipite gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ofisa aliyeacha kukimbia na asiache mkono mzito wa chumvi ajue kwamba mwili wake wahesabu.

Starling alikuwa mtu aliyepita katika jeshi akaona kwamba cheo chaweza kumwamuru mtu, lakini hakiwezi kuiamuru figo. Aliyasema aliyoyajua mbele ya wakubwa, akalipa kwa kukosa heshima kadhaa za dunia, na jina lake likabaki. Vijana wa Musaga watakapokimbia tena kesho, kila mmoja atakuwa na mlinzi ndani ya kichwa chake asiyelala wala kudai posho. Anachodai ni chupa ya maji, na mkubwa aelewaye ni wakati gani wa kusimamisha safu ili watu wanywe.